KABLA YA KUNUNUA REKI YA MAJANI YA NG'OMBE



Katika mikutano ya matawi, tukiisha kumaliza habari za mishahara na nyumba za kambi, mara nyingi mazungumzo hugeukia ng'ombe. Si ajabu. Wengi wetu tunaochuma chai Kabarole na Bushenyi, au tunaokata miwa Lugazi na Kakira, tuna kipande cha shamba nyumbani, na humo yumo ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa. Mshahara hulipa karo ya watoto kwa taabu. Maziwa ndiyo yanayonunua sabuni, chumvi na madaftari. Lakini mvua ikikatika, maziwa nayo hukatika, kwani majani yamekwisha. Ndipo mtu anapofikiria kukata majani wakati yangali mengi, kuyakausha na kuyaweka akiba. Na akifika hapo huuliza: ninunue reki gani?

Swali hili tumeletewa na wanachama zaidi ya mara moja. Safari hii tunalijibu kwa kirefu, kwa sababu yuko mwenzetu mmoja aliyejijibu mwenyewe haraka haraka, na jibu hilo likamla akiba yake.

Mwenzetu huyo alifanya kazi katika shamba la chai kwa miaka 27. Alipostaafu alipokea fedha zake za uzeeni kwa mkupuo mmoja. Alikuwa ameona katika shamba kubwa la ng'ombe trekta ikivuta reki ya magurudumu yenye meno, na majani yakijipanga nyuma yake mstari mmoja mzuri. Akaenda kwa muuzaji, akaambiwa kuwa reki hiyo haina injini, haina matata, hata mtoto anaweza kuitunza. Yote hayo yalikuwa kweli. Akainunua. Sasa, kwake ana eka moja na nusu, yenye visiki vya mikaratusi na kichuguu katikati. Mwenye trekta ya kukodisha alikuja mara moja, akatazama lango, akatazama visiki, akageuza. Msimu uliofuata hakuja kabisa, kwani mafuta ya kwenda na kurudi yalizidi malipo ya eka moja na nusu. Reki ile iko chini ya mwembe mpaka leo na kuku hulala juu yake. Mwenyewe ametuambia tuieleze habari yake ili wengine wasifuate njia ile, ila jina lake tusilitaje.

REKI NI YA NINI HASA

Yafaa tuanze na majani yenyewe. Katika kilo 100 za majani mabichi, kilo 75 mpaka 80 ni maji. Majani ya kuwekwa akiba hayana budi kukauka mpaka maji yawe chini ya kilo 20 katika kila kilo 100. Yakiwekwa ghalani yangali na maji mengi hupata joto, huota ukungu, ng'ombe huyakataa, na mara nyingine lundo huwaka moto lenyewe bila mtu kuligusa.

Jua likiwa zuri, kazi hiyo ya kukausha huchukua siku mbili au tatu. Ubaya ni kwamba majani huwa bora kabisa yanapoanza kutoa maua, na wakati huo mvua haijakatika sawasawa. Ukingoja mvua iishe kabisa, utapata majani makavu kweli, lakini yamekuwa kama vijiti. Kwa hiyo mkulima hukata akiwa na mbingu ya kubahatisha. Anayakata asubuhi, anayageuza mchana, jioni anayakusanya mistari au malundo madogo ili umande usiyaloweshe yote, kesho yake anayatawanya tena. Katika kila hatua hizo, baada ya panga au fyekeo, chombo kinachotumika ni reki.

Kwa hiyo swali la kwanza si eka ngapi unazo kwa mwaka mzima. Swali ni hili: wingu likitokea saa tisa mchana, unaweza kukusanya majani kiasi gani kabla ya mvua kufika? Na la pili: nani atakuwa nyumbani saa hiyo?

Hapo ndipo sisi tunapotofautiana na wakulima wengine. Mfanyakazi wa shamba la chai au wa kiwanda cha sukari yuko kazini Jumatatu mpaka Jumamosi. Majani hayajui Jumapili. Anayekimbia na reki wingu linapotokea ni mama wa nyumbani, pamoja na watoto wakiwa wametoka shule. Lakini katika mazungumzo yote ya reki tuliyosikia kwenye matawi, ni mara chache sana mtu alisema, "Ngoja nikamwulize mama watoto." Baba hununua, mama huvuta. Basi mwulize kwanza anayevuta.

Reki ina deni jingine tena. Chakula kizuri hakikai katika shina, kikaa katika majani membamba. Kwa mfano, katika lusini majani ni karibu nusu ya uzito, lakini yanabeba kama sehemu saba kwa kumi za protini yote, yaani kile kinachoongeza maziwa. Ukipiga reki kwa nguvu wakati majani yamekauka sana, hayo membamba hupukutika na kubaki chini, nawe unabeba vijiti nyumbani. Kwa hiyo kusanya yakiwa yamenyauka, hayatoi maji ukiyasokota mkononi lakini bado hayavunjiki. Kisha yamalizie kukauka yakiwa katika mistari. Majani ya Rhodes huvumilia zaidi kuliko lusini. (Majani hayo yalipewa jina la Cecil Rhodes, yule mkoloni wa kusini. Lakini ipo aina yake nzuri iitwayo Mbarara, na ng'ombe huila bila kuuliza jina limetoka wapi.)

PIGA HESABU KABLA YA KUTOA FEDHA

Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 hula karibu kilo 10 mpaka 12 za chakula kikavu kwa siku. Tuchukue 10. Kiangazi cha siku 90 ni kilo 900. Ukitumia sanduku la mbao la kufungia marobota, lile la sentimeta 85 kwa 55 kwa 45 lililo wazi juu na chini, robota moja likishindiliwa vizuri kwa miguu huwa na kama kilo 20. Basi ng'ombe mmoja anahitaji marobota 45 kwa kiangazi kizima. Ukiwa na majani tembo kidogo na migomba ya kuchanganya, hesabu inashuka.

Sasa shamba linatoa nini? Usikisie, pima. Chagua mahali palipo pa wastani, si pazuri kabisa wala pabaya kabisa, pima meta 5 kwa meta 2, kata, kausha, weka kwenye mizani. Eka moja ni kama vipande 400 vya ukubwa huo. Tuseme umepata kilo 4. Basi eka moja itakupa kilo 1,600 kwa mkato mmoja, yaani marobota 80, karibu chakula cha ng'ombe wawili kwa kiangazi. Kwa wengi wetu, hiyo ndiyo kazi yote ambayo reki inangojewa kuifanya: eka moja, labda mbili.

Kisha tazama bei ya mashine. Tuseme mtu anakutajia reki ya shilingi milioni 3, nayo itadumu miaka 10. Kama unafunga marobota 60 kwa mwaka, hayo ni marobota 600 kwa miaka 10. Kila robota limebeba shilingi 5,000 za reki peke yake, kabla ya trekta, mafuta, kamba na jasho. Weka bei ya kweli unayotajiwa mahali pa hiyo milioni 3, halafu nenda sokoni ukaulize robota zima linauzwaje kwenu. Mwenzetu wa mwembeni anasema hesabu hii ingemchukua dakika tano.

REKI YA MKONO

Kwa eka moja au mbili tunasema wazi: reki nzuri ya mkono yatosha. Lakini iwe nzuri. Ile reki ya chuma ya bustani yenye meno mafupi, inayouzwa kila duka la vifaa, haifai. Meno yake huchimba udongo na kuvuta vijiwe na mavi makavu, na majani yenye udongo ng'ombe huyaacha horini. Tena ni nyembamba na nzito. Baada ya saa moja mabega yanalia.

Reki ya majani ni ya mbao. Fundi seremala yeyote aweza kuitengeneza ukimpa vipimo. Kichwa kiwe na upana wa sentimeta 70 hivi, cha mbao nyepesi isiyopasuka. Meno 12, yakiachana sentimeta 5, yakitokeza chini kama sentimeta 8, na ncha zake ziwe za mviringo zisichome ardhi. Mpini uwe mrefu, karibu meta 2, ili mvutaji asimame wima. Hili ni jambo kubwa. Mpini mfupi humfanya mtu ainame siku nzima, na wachumaji wa chai hawahitaji kuelezwa maumivu ya mgongo. Atakayeivuta na aijaribu pale pale kwa fundi, si mumewe.

Siri ya meno ni ukavu. Mti wa meno uwe mgumu na mkavu kabisa, lakini kichwa kisiwe kimekauka mno wakati wa kuyagongomea. Kichwa kikiendelea kukauka hujibana na kuyashika meno bila gundi wala misumari. Wakati wa jua kali meno yakianza kulegea, ilaze reki ndani ya maji usiku mmoja. Mbao hufura na kushika tena. Mahali ambapo mpini unaingia kichwani ndipo panapovunjika mara nyingi, kwa hiyo mwambie fundi aweke vipande viwili vya kutegemeza, kimoja kila upande. Na agiza meno ya akiba siku hiyo hiyo.

Watu wawili wenye reki za namna hii humaliza eka moja kwa siku bila kujiua, ikiwa majani yamefyekwa vizuri. Acha mabua ya urefu wa kiganja ardhini. Majani yaliyokatwa yakilala juu ya mabua hayo, upepo hupita chini yake, na meno ya reki hayagusi udongo. Wala usifyeke shamba zima kwa siku moja. Fyeka kile tu ambacho walio nyumbani wanaweza kukikusanya kabla ya jioni. Wengi wanalaumu reki kumbe waliokosea ni wenye panga.

REKI YA KUKOKOTWA NA NG'OMBE

Wenzetu wa Teso na Lango, ambako maksai wamevuta jembe tangu mwanzo wa karne iliyopita, wana njia nyingine. Huko Ulaya na Marekani, kabla ya trekta, kulikuwa na reki kubwa ya magurudumu mawili ya kukokotwa na farasi. Ina meno marefu yaliyopindwa kama mbavu. Meno huburura majani mpaka yajae, kisha dereva huvuta mkono wa chuma, meno yote huinuka, majani hubaki hapo kama tuta, naye huendelea. Ukiangusha kila mara kwenye mstari ule ule, unapata tuta moja refu linalokata shamba upande hadi upande.

Chombo hiki si kigumu. Fundi wa chuma anayetengeneza mikokoteni anaweza kukiunda: ekseli, magurudumu mawili ya mkokoteni, boriti ya meta 2 na meno. Lakini hapa fundi wengi hukosea. Huchukua nondo za ujenzi wakazipinda. Nondo ikikutana na kisiki hupinda na haikunjuki, na baada ya siku moja una reki yenye meno yanayotazama kila upande. Meno lazima yawe ya chuma cha springi, na kila jino liwe huru kuinuka peke yake, ili likikuta kichuguu lipite juu huku mengine yakiendelea na kazi. Kama fundi hana chuma hicho, msubiri au tafuta mwingine, usikubali aseme "hii nayo itafaa."

Ubaya wake ni kwamba inaburura majani chini kwa muda, kwa hiyo huokota uchafu kuliko reki ya mkono, na lusini hupukutika sana. Kwa majani ya Rhodes kwenye shamba safi ni chombo kizuri. Tunaona inamfaa mwenye eka tatu kwenda juu, aliye na maksai waliokwisha kufundishwa nira. Kununua maksai kwa ajili ya reki ni kichaa.

ZA TREKTA

Reki ya magurudumu yenye meno, ile ya mwenzetu, ilianza kutengenezwa na ndugu wawili wa ukoo wa van der Lely huko Uholanzi, waliofungua kiwanda chao mwaka 1948. Uzuri wake ni kwamba magurudumu huzungushwa na kugusa ardhi tu trekta inapokwenda. Hakuna giya wala shafti. Kwa hiyo ni rahisi kuliko nyingine za trekta na haiharibiki ovyo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ya kugusa ardhi, ukikaza springi zake mno huchimba udongo na kokoto na kuzichanganya na majani. Tena huyasokota majani kama kamba, na ndani ya kamba hiyo hayakauki upesi. Irekebishwe mpaka meno yanagusa kidogo tu.

Ziko pia za mikono inayozunguka, ambazo huendeshwa na shafti ya trekta. Hizo huacha mstari mwepesi wenye hewa na uchafu mchache, na kwa majani ni bora. Kwa mfuko wa mfanyakazi mmoja ziko mbali.

Hata hivyo, hatusemi reki ya trekta si ya wafanyakazi. Kama wanachama 10 au 15 wa mtaa mmoja wana mashamba yanayopakana, yasiyo na visiki, na chama chao cha akiba na mikopo kiko imara, hesabu yaweza kutoka vizuri. Lakini kabla ya kununua andikeni mambo mawili. La kwanza, zamu. Jua likiwaka linawaka kwa wote siku moja, na kila mtu atataka reki siku hiyo. La pili, trekta ni ya nani, na amekubali kwa maandishi kuja kwa bei gani. Kundi lisilokuwa na jibu la mambo hayo mawili lisikope.

Mkiikuta iliyotumika, msitazame rangi. Shikeni kila gurudumu mlitikise. Likicheza, beringi imekwisha. Hesabuni meno yaliyopungua, na mwulizeni muuzaji awaonyeshe jino jipya dukani kwake, si katika kitabu. Tazameni mahali palipolehemiwa kwenye fremu. Na pimeni upana wake uliokunjwa, kisha mwende kupima malango yenu.

HATARI

Wenzetu wa viwandani wanajua kelele tunazopiga juu ya kinga za mashine. Shafti inayotoka nyuma ya trekta kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Ikishika upindo wa kanga au mkono wa koti, mtu amekwisha kuzungushwa kabla hajapiga kelele. Bomba la kinga lililovunjika, au lililotolewa "kwa sababu linasumbua", ndilo linaloua. Msikubali trekta ya kukodi iingie shambani kwenu bila kinga hiyo. Reki ya maksai nayo haina dogo: mtoto asipande juu yake, na asitembee nyuma yake meno yakiwa yameinuliwa, kwani hushuka ghafla.

Hapa kuna jambo ambalo baadhi yetu hatupendi kulisikia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 humtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia kazini. Ukiumia na reki shambani kwako mwenyewe, hakuna tajiri wa kukulipa. Lakini ukimwita kijana wa jirani akuvutie reki siku tatu kwa malipo, basi kwa siku tatu hizo tajiri ni wewe. Tulipokea malalamiko ya kijana mmoja aliyefanya kazi hiyo kwa mwanachama wetu. Alipewa reki ya mpini uliopasuka, kiganja kikachanika, na siku ya malipo akakatwa siku ambayo hakufika kwa sababu ya kidonda. Viongozi wa tawi waliwakutanisha na siku ile ikalipwa. Mwanachama yule alikuwa mmoja wa wasemaji wetu wakali katika mkutano wa mishahara.

Wanaotaka vipimo vya reki ya mkono na vya sanduku la marobota wamwone katibu wa tawi lao. Vimeandikwa kwenye karatasi moja ya kumpelekea seremala. Kwa walio upande wa Teso, ambako kiangazi huanza Desemba, mti wa meno ukatwe miezi kadhaa kabla ya kazi ili upate kukauka, na uwekwe juu ya jiko, mahali penye moshi.